Yaesu FT-101E kwenye chumvi ya Mikindani: karibu miaka miwili ya kuitumia na kuifungua

Hii redio ina kama kilo 15 na nimeipandisha bajaji kutoka Mikindani kwenda Mtwara mjini mara nne, mara zote nimeipakata mapajani kama mtoto mwenye homa, kwa hiyo nikikwambia kuhusu hii mashine jua naongea na mgongo wangu nao unakubali. Naongelea Yaesu FT-101E, transiva ya Kijapani ya miaka ya 1970, yaani redio moja inayopokea na kurusha, zile za watu wa redio za ridhaa, wenyewe wanajiita mahemu. Yangu usoni imeandikwa Sommerkamp FT-277E na watu wakiiona wanadhani ni kitu kingine, hapana, ni ileile, Sommerkamp ndio waliokuwa wanaziuza Ulaya kwa jina lao. Ukitoa mfuniko ndani ni Yaesu tupu.

Niliipata Februari 2024 kupitia jamaa yangu wa Dar, mwenye redio alishafariki na watoto wake walikuwa wanasafisha stoo. Laki tatu na nusu, nikapewa na maiki yake, kitabu cha maelezo ambacho mende wamekula kona moja, na valvu moja ya akiba. Transiva mpya ya HF, yaani ya masafa mafupi, hata ile ya kawaida kabisa ni mamilioni, na mimi ni mwalimu, hesabu nilishaipiga siku nyingi.

Leseni kwanza maana najua kuna watu wataruka hapa. Kusikiliza ni jambo moja, kubonyeza maiki ni jambo lingine, unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama yako ya kuitwa, za Tanzania zinaanza na 5H. Usinunue mashine ukaanza kupiga kelele hewani halafu ukasema uliambiwa na mwalimu wa Mikindani.

Sasa mashine yenyewe. Upande wa kupokea ni transista, upande wa kurusha umemalizikia na valvu tatu, moja ndogo 12BY7A inayosukuma na mbili kubwa 6JS6C ambazo ndizo zinafanya kazi ya mwisho. Hizi 6JS6C hazikutengenezwa kwa ajili ya redio, ni valvu za televisheni za zamani, zilikuwa za bei rahisi na zimejaa kila mahali enzi hizo, leo televisheni hizo hazipo na valvu nazo zimekuwa lulu. Shikilia hilo nitalirudia. Bendi inazo kuanzia mita 160 mpaka mita 10, isipokuwa zile tatu za megahezi 10, 18 na 24 ambazo mahemu walipewa kwenye mkutano wa 1979, wakati huo hii redio ilishatoka kiwandani. Kwenye megahezi 10 inasikiliza tu, kuna nafasi ya kupata zile stesheni zinazotangaza saa sahihi. Mimi sijawahi kulala nikiwaza hizo bendi tatu ila wewe kama ndio unazitaka basi ishia hapa.

Kitu kilichonifanya niipende ni ubaya wake pia, yaani kadi. Ndani haijatengenezwa bodi moja kubwa, ni kadi kadi zinazochomekwa kwenye soketi zake, hii ya hiki ile ya kile, unachomoa moja unaikagua unarudisha. Kwa fundi ni raha tupu. Lakini kila kadi ina meno yake ya kugusana na soketi na nyumba yangu iko kama mita mia tatu kutoka majini, na hewa ya Mikindani mnaijua, bati la mwaka jana leo ni kahawia. Redio ilipofika kutoka Dar ilikuwa inapokea vizuri tu. Wiki ya tano ikaanza kukohoa, unapiga mezani inarudi, mlango ukifungwa kwa nguvu inapotea, mwisho ikabaki inavuma shhhh bila mtu hata mmoja ndani, bendi zote.

Nikaipeleka mjini kwa kijana mmoja anatengeneza sabufa, kijana ana mkono mzuri sana kwenye amplifaya nisimseme vibaya, akaifungua akaiangalia kama dakika mbili kimya. Akasema, "Mwalimu, hii tuipime kilo." Alikuwa hatanii. Ila akaniambia kuna babu kule Chikongola alikuwa anatengeneza redio za mbao zamani, zile za valvu, siku hizi kashastaafu anakaa tu barazani, nenda kamsalimie.

Nikaenda. Nikamkuta na sahani ya ming'oko, shikamoo babu, marahaba, karibu tule. Tukala kwanza. Ile naifungua redio mbele yake nikapeleka kidole kumwonyesha zile valvu mbili kubwa, babu akanipiga kibao cha mkono, cha kweli sio cha utani. "Mwanangu, umeichomoa lakini haijafa." Humo ndani kuna volti 600 kwa ajili ya valvu na kapasita zake zinaweza kubaki nazo hata waya wa umeme ukiwa mkononi mwako. Akaomba rezista nene, akaifunga waya na kipande cha plastiki cha kushikia, akagusisha, akasubiri, akapima na multimita mpaka ikasoma karibu na sifuri, ndipo akaniruhusu. Mpaka leo nafanya hivyohivyo na mkono wa kushoto unakuwa mfukoni. Kama unatokea kwenye redio za transista za betri uzoefu wako haukusaidii hapa, unaweza kukuua kabisa.

Dawa ya kadi ilikuwa kifutio. Kifutio cha penseli, hiki tunachouza duka la shule. Babu akachomoa kadi ya kwanza, yale meno yalikuwa yameshika ukijani kama sarafu ya zamani iliyotoka mchangani, akayasugua taratibu kwenda upande mmoja tu, akafuta na spiriti ya mafundi simu, akairudisha na kuichomoa mara tatu nne ili soketi nayo ijisugue. Kisha akanipa ya pili, akasema zitoe moja moja, usitoe mbili kwa pamoja utazichanganya. Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Tulipoiwasha tukatupa waya wa mita kama sita juu ya mwembe wake, akazungusha kile kitufe cha PRESELECTOR na ule mvumo ukapanda ghafla, halafu ndani ya mvumo ikatoka sauti ya mwanaume anaongea Kiafrikana, wazi kabisa, kama yupo dirishani kwa jirani. Babu akauliza huyu yuko wapi. Nikasema Afrika Kusini babu. Akasikiliza kama robo saa hajui hata neno moja na alikuwa anatikisa kichwa kila jamaa akimaliza sentensi.

Alinitoza elfu arobaini. Nimeona niandike maana kuna mtu ataniambia redio za zamani zinakula hela za fundi.

Lakini kupokea ni nusu. Babu akakataa tusirushe kabla ya kubadilisha kitu kimoja, na hili nawaomba mlizingatie kama mtanunua FT-101 yoyote ile hata kama muuzaji anaapa inafanya kazi. Kuna kapasita ndogo inayopeleka mawimbi kutoka kwenye ile 12BY7A kwenda kwenye gridi za valvu kubwa. Kwa uzee inaanza kuvujisha, na ikivujisha inapitisha volti chanya mahali ambapo panatakiwa hasi, valvu zinavuta mkondo mpaka mabamba yake yanakuwa mekundu na hapo umeshazika pea ya 6JS6C. Kapasita ya hela ya soda inaua valvu ambayo hata ukiwa na hela huipati. Weka mpya ya volti 1000 au zaidi, usiipime wala usiionee huruma, toa. Na zile kubwa za pawasaplai kama hazijabadilishwa nazo zibadilishe.

Nikaagiza Dar mwishoni mwa Aprili 2024. Mnakumbuka kilichofuata, kimbunga Hidaya, mvua, barabara ikakatika kule Kilwa, magari yakalala njiani siku kadhaa na kapasita zangu zikiwemo. Mimi huku babu alishatenga ile laini ya volti 600 kwa hiyo nilikuwa nasikiliza tu, na hii redio ina swichi ya HEATER peke yake, unaizima valvu zinabaki baridi huku upande wa kupokea unaendelea, inakula umeme kidogo na valvu hazichakai. Jumapili ya tarehe 12 Mei intaneti nayo ikaanguka karibu nchi nzima, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, watu barazani wanarestati simu wanalaumu bando. Mimi ndani nasikiliza megahezi 14 watu wanapiga soga kama hakuna kilichotokea. Sikuweza kumjibu hata mmoja. Kapasita ziko Kilwa.

Zilipofika tukazifunga, halafu babu akasema tusichomeke moja kwa moja kwenye umeme, tutafute taa ya kizamani ya wati 100 tuipitishie umeme, kukiwa na shoti taa itawaka yenyewe badala ya transfoma kuungua. Jamani taa ya kizamani Mtwara nzima hakuna, maduka yote ni LED. Tumeipata wapi, kwa mama mmoja anafuga vifaranga, ndio anawapashia joto. Akatuazima kwa masharti irudi kabla ya magharibi. Ikawaka mara moja ikafifia, ndivyo inavyotakiwa, tukaangaliana na babu. Tukaseti valvu zikae kwenye milimapea 60 ukiwa umebonyeza maiki bila kuongea, kama kitabu kinavyosema, na taa ya mama ikarudi kwa vifaranga.

Kurusha kwenyewe sio kubonyeza tu kama redio za kisasa. Kila ukihama bendi unaitafutia mahali pake upya: mita iweke IC isome mkondo wa valvu, carrier, yaani wimbi tupu bila sauti, kidogo, zungusha PLATE polepole mpaka mshale uzame, pale unapozama chini kabisa ndio penyewe, kisha LOADING ongeza kidogo, rudi kwenye PLATE tena uzamishe, na yote haya usizidishe sekunde 10 ukiwa hujapatia maana kila sekunde unazipika valvu. Mwanzoni nilikuwa natetemeka. Sasa nafanya huku naongea na mtoto. Wengine hii ndio sababu ya kutozitaka hizi mashine, mimi ndio nilichonunua, yaani naona mshale unashuka najua nje kule waya umekubali.

Na faida ya valvu ni kwamba hazina majivuno kwenye antena. Mimi natumia kebo ya dishi, hii ya TV ya omu 75, mahemu wakubwa watanicheka ila kitabu chenyewe kinasema omu 50 mpaka 75 na FT-101E inaizamisha bila shida. Dipoli, yaani antena ya waya uliogawanywa katikati, ya megahezi 14 ni kama mita 10 jumla, tano huku tano huku, nimeifunga kati ya minazi miwili, vihami ni vipande vya chupa ya maji. Waya tumia wenye plastiki juu, wangu wa kwanza ulikuwa shaba tupu ukawa mweusi miezi mitatu na kwenye viungo ukawa unaliwa. Viungo nilivyozungushia mpira wa tyubu ya baiskeli bado vizima.

Haya na hewani je. Jioni kuanzia kama saa kumi na moja hivi mita 20, ndio hiyohiyo megahezi 14, inafunguka Ulaya, Waitaliano ndio wengi, na 5H haisikiki kila siku kwa hiyo ukiita mara moja unapata foleni, watu wanakugombania kama dagaa wa kwanza wa asubuhi, na mtu aliyezoea kusubiri kila kitu huku kusini hiyo ni raha ya peke yake. Mita 10 nayo imekuwa tamu mchana kwa sababu jua lilikuwa na madoa mengi, Oktoba 2024 NASA na NOAA walitangaza limefika kipindi cha kilele, nikawapata Wajapani nimekaa na kanzu ya Ijumaa sijaivua bado. Sauti yangu wanasema nzito na nzuri, wengine wanauliza unatumia redio gani, ukisema FT-101 unasikia mzee wa huko anacheka anakwambia alikuwa nayo akiwa kijana, mazungumzo yanatoka kwenye namba za kuambiana mnasikika vipi yanakuwa mazungumzo. Wati ninazotoa siku njema ni kama 80.

Kelele ndio adui namba mbili baada ya chumvi. Chaja za sola, taa za LED za bei chee, king'amuzi cha jirani, zote zinamwaga uchafu hewani. Kuna swichi ya NB, ya kuzima kelele, ilibuniwa kwa ajili ya cheche za injini, na ndugu zangu inakula bodaboda mbichi, boda inapita dirishani unaiona huisikii. Kwa chaja ya sola ya jirani haifanyi chochote, nilienda kumnunulia nyingine.

Tabia zingine utazizoea au hutazizoea. Nusu saa ya kwanza masafa yanatembea, unaanza kuongea na mtu baada ya dakika tano anakwambia umekuwa na sauti ya bata, unarudi kidogo, kwa hiyo iwashe kabla ya kupika chai. Kwa wale wa FT8, ujumbe mfupi wa kidijitali unaorushwa kwa kompyuta, inawezekana ila huko ni kurusha mfululizo, punguza nguvu sana, mimi sizipeleki valvu zangu huko. Umeme wa jioni ukishuka nayo inashuka, nina stabilaiza.

Halafu mjusi. Agosti mwaka jana niko katikati ya jina langu nikasikia paa! na fyuzi ikaenda. Nikatoa umeme, nikatoa chaji na rezista, nikafungua kile kizimba cha valvu, nikamkuta mjusi mkavu kama dagaa kati ya koili na chasisi, kaingia kwa nyuma kwenye feni akitafuta joto. Valvu moja tangu siku ile imepoteza nguvu, zile wati 80 za siku njema zamani zilikuwa zinafika mia. Nimeweka wavu wa dirishani wa mbu kule nyuma, usafishe kila wiki la sivyo vumbi linaziba na feni haipumui. Na usiku redio inalala ndani ya kabati na kitaa kidogo cha joto kinawaka chini yake, unyevu haukai. Tangu nianze hivyo kadi nimezisugua mara moja tu kwa mwaka. Kanga juu yake peke yake haitoshi, nilijaribu, inashika unyevu inakuwa kama umeifunika na taulo.

Nyota naipa nne. Ya tano ameila mjusi na chumvi, sio aliyeitengeneza. Kama hupendi bisibisi usinunue, kama unakaa pwani na huna kabati usinunue, na ukikagua ya kununua mwombe muuzaji afungue mfuniko uangalie meno ya kadi na valvu kabla hujatoa hata mia.

Na mwenye pea ya 6JS6C nzima anitafute, hela yangu mnaijua lakini nina korosho za msimu huu zimeshabanguliwa, kilo tano kwa pea. Za 6146 usiniletee, miguu yake haiingii humu.